Siku Mashine Yetu Ilipozimia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanitarajia baharini. Nimezaliwa Mafia, nimekulia Kilindoni, kwenye kisiwa ambacho ukishika njia yoyote mwisho wake ni maji, na bado safari kubwa ya ujana wangu ilikuwa ile ya shule, kwenda Ras Kisimani kutazama magofu ya mji wa kale. Tulikwenda kwa mashua. Wenzangu walirudi na habari za magofu. Mimi nilirudi na habari za ndani ya ndoo, maana ndimo nilimotia kichwa changu kwenda na kurudi. Tangu siku hiyo nikaamua kwamba vitu vya kutazamwa, kama vina haja sana na mimi, vije nyumbani.

Kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo hayakunipeleka mbele wala hayakunirudisha nyuma. Yaliniacha palepale nilipokuwa, sebuleni. Baba alikwisha kufariki. Dada yangu mkubwa alikuwa amepata kazi ya kutandika vyumba kwenye hoteli moja ya Utende, akawa anaishi hukohuko. Nikabaki mimi na Mama. Mtu akiniuliza siku hizi nafanya nini, jibu lilikuwa tayari mdomoni: namwangalia Mama. Ni jibu zuri sana lile. Wazee wakilisikia wanakuombea dua, na vijana wenzako wanaona haya kukuuliza la pili.

Ukweli ni kwamba Mama alikuwa na afya ya kuniangalia mimi, nyumba na nusu ya mtaa. Alilima mihogo yake mwenyewe, alisuka mikeka, alibeba ndoo ya maji kichwani huku anapiga soga na watu wa pande zote mbili za njia. Lakini kila asubuhi nilimpikia uji wa mchele wenye pilipili manga, nikamletea barazani, nikasimama mlangoni mpaka amalize. Akitoka kwenda shamba nilimuuliza atarudi saa ngapi. Akichelewa nilisimama njiani. Usiku nilihakikisha amejifunika. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote wilayani, na nilishangaa kwa nini watu hawaji kujifunza kwangu.

Mama hakuwa mtu wa kukuambia jambo usoni. Alikuwa na kuku, na wale kuku ndio waliobeba lawama za nyumba yetu yote. Jua likinikuta kitandani, nilimsikia uani akiwauliza kuku kama hawaoni saa, au wanamngoja nani aje awafunulie shuka. Kuku walikuwa wameamka tangu alfajiri. Shuka lilikuwa langu. Dada alipokaa muda mrefu bila kuja kututazama, siku alipokuja alimkuta Mama anamlalamikia jogoo kwamba wengine wakishapata kazi hotelini husahau hata njia ya kwao. Jogoo hakuwa na kazi hotelini. Dada akainama, akaomba radhi.

Na jambo jingine alilotufundisha Mama, tena kwa ukali, ni adabu ya mbele ya mgonjwa. Bibi yetu alipolala siku zake za mwisho bila kufumbua jicho wala kutoa sauti, wageni walizoea kukaa chumbani kwake na kuzungumza wanavyotaka. Mmoja akaanza kuulizia sanda. Mama alimshika mkono, akamtoa mpaka uani, akamwambia aliyezimia anasikia kila neno, ila hana kauli ya kukujibu. Nilikuwa mdogo, lakini maneno hayo yaliniingia. Naomba msomaji ayashike, maana yatahitajika.

Sasa, mashine. Miaka ile baada ya hifadhi ya bahari kuanzishwa, Utende ilijaa watu waliokuja kuhesabu vitu. Huyu anahesabu matumbawe, yule nyavu, mwingine anahesabu mayai ya kasa. Huyu wa kasa alikuwa mgeni wa hoteli ya Dada kwa muda mrefu. Alipomaliza kasa wake, akaona kompyuta yake ni kubwa na nzito mno kwa ndege ndogo, akamzawadia Dada. Dada hakuwa na haja nayo. Kwa kuwa uwanja wa ndege uko hapa kwetu Kilindoni, mtafiti alipita nayo nyumbani siku ya kuondoka, akaiweka juu ya meza yetu, na kwa muda uliobaki kabla ya ndege yake akanifundisha.

Ilikuwa mashine ya skrini nyeusi na maandishi meupe. Hakuna picha, hakuna kipanya, hakuna cha kubofya. Unaandika amri, unabonyeza kitufe cha kuingiza, nayo inatii au inakukatalia kwa mstari mmoja wa Kiingereza kikavu. Watu wengi wangeikimbia. Mimi nilipenda, na sababu yake nitaisema bila kuona haya: njia za mkato.

Mtafiti alinionyesha kwamba mshale wa kwenda juu unarudisha amri uliyoandika mwanzo, hata kama uliiandika jana, kwa hiyo hakuna haja ya kurudia kazi. Kitufe cha Tab kinakumalizia jina la faili: wewe unaandika herufi mbili tatu, unabonyeza, nacho kinajaza lililobaki kama mke aliyekaa na mumewe muda mrefu. Ukishikilia kontroli ukabonyeza A, unarudi mwanzo wa mstari. Kontroli na E, unafika mwisho. Kontroli na L, skrini inafagiwa. Kontroli na C ilikuwa ya kutisha kidogo, maana inaiua programu iliyo kazini papo hapo. Baada ya muda nikawa naiendesha mashine nzima bila kunyanyua viganja mezani. Mjomba wangu alipoona, alisema hatimaye mvivu amepata chombo chake.

Kitu kimoja tu hakikuwa na mkato. Kuhifadhi maandishi. Ilibidi utoke kwanza kwenye hali ya kuandika, uweke nukta mbili, uandike w, uingize, halafu urudi tena ulipokuwa. Umeme wetu wa Kilindoni una tabia zake, kwa hiyo nililifanya zoezi hilo mara nyingi kwa siku, na kila mara nilinung'unika kama mtu aliyetumwa kisimani.

Basi nikawa mwandishi wa mtaa. Nikaandika kadi za harusi, ratiba ya madrasa, tangazo la duka la ng'ambo ya njia. Naweka kwenye diski, Dada anakwenda nayo Utende, wanatoa karatasi. Mashine ilikaa sebuleni imefunikwa kanga ya Mama, na wageni waliipa salamu kama mkwe.

Siku moja Dada akaja na habari. Kuna ofisi Utende ina mashine za namna ileile, na aliyekuwa akiziandikia ameolewa Tanga. Wanatafuta mtu anayezijua. Kuna na chumba cha kulala. Wanataka jibu kwenye diski, waone na mkono wa mwandishi.

Utende iko upande wa pili wa kisiwa hikihiki. Gari likipata abiria unafika kabla hujamaliza kumlalamikia dereva. Lakini kwangu ilikuwa kama nimeambiwa nihamie Bara Hindi. Nilimtazama Mama. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema niamue mwenyewe. Kwa majirani alikuwa na kauli yake ya siku zote, kwamba mwanawe huyu hamwachi, hata umsukume vipi hamwachi. Nikayasikia maneno hayo kama maombi. Mama wa watu ananililia nisiondoke, ila hawezi kusema. Nikaamua kukataa, tena nikatae kwa heshima, ili hata huko Utende wajue kuna watoto bado.

Siku ya kupeleka jibu, Dada alikuwa aje jioni kuchukua diski. Baada ya chai nikakaa mezani. Niliandika kwa uchungu na kwa ufasaha. Nikawashukuru, nikawasifu, nikawaeleza kwamba ningependa sana kuja, lakini mama yangu ni mtu mzima na mimi ndiye tegemeo lake. Nikaendelea: "Nikiondoka, mama". Hapo nikasita, natafuta neno zito zaidi kati ya kuteseka na kudhoofika.

Ndipo Mjomba akaingia. Alikuwa ametoka Shungimbili, ambako wavuvi hupiga dago, kambi yao ya siku kadhaa, na alinukia moshi kutoka nguo hadi ndevu. Ameshika fungu la ng'onda, wale samaki wakavu, alilomletea Mama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye skrini. Mjomba alisoma darasa la saba na hakuacha kusoma; anasoma chochote kilicho mbele yake, hasa kisichomhusu.

"Tegemeo?" akasema. "Mjomba, wewe ukimwegemea paka, paka anaanguka."

Nikaanza ile safari yangu ya kuhifadhi, nukta mbili na kadhalika. Mjomba akanizuia mkono. Akaniambia mwanawe ana duka la kompyuta Dar es Salaam, naye mwenyewe amekaa pale akatazama watu wakifanya kazi kutwa nzima, na hakuna anayehangaika hivyo. Wote hushikilia kontroli, wanabonyeza S, basi, imehifadhiwa. Dunia nzima ni kontroli na S, sijui mimi nimejificha wapi.

Mkato. Kwa kitu kilekile kilichokuwa kinanichosha. Ningefanya nini? Nikabonyeza.

Mashine ikazimia.

Sisemi ilizimika. Taa yake iliwaka, feni yake ilinguruma, maandishi yangu yote yalikuwepo. Lakini kile kijimstari kinachongoja herufi kilisimama pale mbele ya neno "mama" na hakikusogea tena. Nikabonyeza S, nikabonyeza tena na tena. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Nikapiga upande wa boksi. Hakuna. Ilinitazama tu, macho wazi.

Mjomba akauliza kama imehifadhi. Nikamwambia imehifadhi mno.

Kontroli na C niliijua, lakini hiyo ni ya kuua, na jibu langu lote lilikuwa ndani. Nikaona afadhali nichomoe waya wa umeme, nianze upya. Mama alikuwa amekwisha kuingia kwa kusikia kelele. Akaweka mkono wake juu ya soketi.

"Mtu akizimia unamzika?" akaniuliza.

Nikajaribu kumweleza kwamba mashine si mtu. Akaniambia siku zote mimi mwenyewe husema imelala, imeamka, imekataa, imechoka, leo imekuwaje? Ikabaki imewashwa. Mama akafunga dirisha ili jua lisiipige, akaikunjia kanga vizuri begani, uso akauacha wazi ipate hewa.

Na kwa kuwa Mama alikwisha kuifanya mgonjwa, ikatazamwa kama mgonjwa. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mke wa mwenye duka, ambaye familia yao ilitoka Bara Hindi na kuendesha duka Kilindoni tangu kabla baba yangu hajazaliwa, alivuka na sahani ya bajia. Akauliza imeanza lini, imekula nini. Akatueleza kwamba mashine ya hesabu ya dukani kwao nayo ilipatwa na hali hiyo, ikapona yenyewe kwa kubonyezwabonyezwa. Basi akabonyeza, kidole kimoja, taratibu, huku anatamka anachoandika chini ya pumzi. Kabla yake Mjomba naye alikuwa ameshajaribu bahati yake, akapiga vitufe kwa vidole vya kuvuta kamba, akasema mbona hata chai hajapewa, mtu katoka dago. Skrini haikuonyesha herufi hata moja. Walikula bajia, wakaitakia afya, wakatawanyika.

Adhuhuri nilibaki nayo peke yangu. Niliandika na mimi, kama mtu anavyomtikisa aliyelala ingawa anajua haamki. Niliandika nilichoandika. Hapakutokea kitu, na nilishukuru.

Alasiri niliingia jikoni kumenya mihogo ya usiku. Mama alikuwa sebuleni. Nikasikia tap. Kimya. Tap. Kimya kirefu. Tap. Nikajua anafuta vumbi kwenye vitufe, maana Mama akikosa la kumfanyia mgonjwa humfuta. Ile tap iliendelea mpaka mihogo ikachemka, na nilifikiri moyoni jinsi mashine yetu ilivyokuwa chafu.

Ajabu ya siku ile ni umeme. Umeme wetu ambao siku ukiwa na haja nao hukatika kwa chafya ya mtu wa Kirongwe, siku ile ulikaa tangu asubuhi kama uliolipwa.

Dada alifika jua linashuka. Mama alikuwa uani anawaingiza kuku bandani, Mjomba amekwenda zake. Nikamsimulia Dada msiba. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kama jibu lenyewe ni hapana, hapana haihitaji diski, ataibeba mdomoni. Alisema hivyo bila kunitazama. Nilijua alitaka niende. Alikuwa amechoka kuwaambia wenzake Utende kwamba ana mdogo wake hodari ambaye hajapata kuonekana.

Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa nimekata shauri kuchomoa waya, lakini kabla ya kuchomoa nijaribu kontroli na kila herufi, moja baada ya moja, isije kuwa nimemzika mzima. Pa kuanzia ni juu kushoto, herufi ya kwanza kabisa kwenye kibodi. Nikashikilia kontroli, nikabonyeza Q.

Skrini iliruka.

Sijui nieleze vipi. Maneno yalimwagika, mstari juu ya mstari, kwa kasi ambayo hakuna mkono wa binadamu ungeandika, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo kutwa akafunguliwa. Niliruka nyuma na kiti. Dada alinishika bega, kucha zake nilizibeba siku mbili. Kumbe mashine haikuwa imekufa wala haikuwa imelala. Ilikuwa imezuiwa kuonyesha, basi. Masikio yake yalikuwa wazi muda wote. Kila herufi iliyobonyezwa nyumbani mle tangu asubuhi ilikuwa imeipokea, ikaitunza, ikangoja ruhusa.

Na vyote viliingia palepale nilipokuwa nimeachia, ndani ya jibu langu la ufasaha. Baada ya "Nikiondoka, mama" zikafuata herufi S nyingi, zangu. Halafu: "chai iko wapi mtu katoka dago". Halafu: "unga wa ngano umefika bei ileile". Dada alianza kucheka tena. Halafu: "amka bwana amka mimi naogopa kwenda".

Dada akaacha kucheka. Mimi nikatazama meza.

Chini ya hapo palikuwa na kitu kama neno moja refu lisilo na mwisho, limevuka skrini likashuka mstari wa pili na wa tatu. Mama alijifunza kusoma na kuandika kwenye madarasa ya watu wazima. Herufi alizijua zote. Alichokuwa hakukijua ni kile kitufe kirefu cha chini cha kutenganisha maneno. Nadhani alikiona kama kizingiti cha mashine, akakiruka. Dada akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kulikata lile neno vipande, kwa kunong'ona:

"Yarabi nijaalie japo mwezi mmoja nyumba hii niwe peke yangu. Mtoto huyu ananipenda mno. Nimechoka kuangaliwa. Aende kwa salama arudi kwa salama. Na uji siupendi tangu zamani."

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Yalikuwa yaleyale.

Nimepata kusikia watu wakisema wamepigwa na butwaa, nikafikiri ni namna tu ya kusema. Siyo. Butwaa linapiga kweli, hapa, chini ya kifua. Nilikaa natazama maneno ya mama yangu yakiwa meupe juu ya weusi, na kichwani mwangu zikawa zinapita asubuhi moja moja za miaka yote ile: Mama na bakuli, mimi mlangoni na sura ya mtoto mwema. Alikuwa anapuliza. Anatazama kando. Anameza. Nilidhani anapuliza kwa sababu uji ni moto. Kuchoka kuangaliwa ningeweza kukubali, polepole, baada ya miezi. Lakini uji? Hata siku moja? Hata ule wa Ramadhani niliotia nazi?

"Na mimi siupendi," Dada akasema kwa upole, kama mtu anayetoa pole.

Mlango wa uani ukalia. Nikaivuta ile kanga nikaifunika skrini yote. Mama akaingia, anakung'uta mikono. Akasimama. Alitazama mashine iliyofunikwa uso, akanitazama mimi, akamtazama Dada, ambaye alikuwa ghafla ana shughuli na mkoba wake.

"Imezinduka?" akauliza.

Nikamwambia imezinduka.

"Imesema nini?"

Nikamwambia haikusema kitu, ilikuwa imezimia tu, haikusikia neno. Mama akasema alhamdulillahi. Akaitazama tena ile kanga, kisha akaenda kutia udhu.

Nilipobaki na Dada nikaifunua. Kuna mkato wa kufuta mstari mzima kwa mpigo: ukishatoka kwenye hali ya kuandika, unabonyeza D mara mbili, mstari umekwenda. Ndio mkato mwepesi kuliko yote niliyoijua, na sikupata kuufanya polepole namna ile. Nikafuta unga wa ngano. Nikafuta chai ya Mjomba. Nikafuta woga wangu. Mstari wa Mama nikauacha mpaka mwisho, nikausoma mara moja zaidi nikijua mahali pa kuukata, kisha nikaufuta. Nikarudi juu nikafuta na tegemeo. Zikabaki shukrani na nafasi tupu. Nikaandika kwamba nitakuja. Nikahifadhi kwa njia ndefu, nukta mbili, w, kuingiza, sikunung'unika. Dada akaichukua diski, akaitia ndani ya mkoba, akaubana kwapani kama umebeba yai.

Kesho yake sikupika uji. Nilijilaza nasikiliza. Mama alitoka, akafika barazani, akakaa pale penye bakuli la siku zote. Bakuli hakuna. Hakuuliza. Baada ya muda nikanusa ng'onda wa Mjomba wanachomwa, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia asubuhi kwetu: Mama anatafuna kwa raha. Anafyonza vidole. Nilijifunika shuka mpaka kichwani.

Siku ya kuondoka alinifungia mihogo, mafuta ya nazi na mkeka mpya. Gari lilipopiga honi, Mama akalia. Si machozi ya adabu ya kumsindikiza mtu. Alilia mpaka mke wa mwenye duka akaja kumshika, naye Mama akanikumbatia akaniita baba, baba yangu, kama ninakwenda kuvuka bahari saba. Hilo nalo lilinishangaza karibu sawa na lile la kwanza. Nilikuwa nimeshajipanga kuwa mtoto aliyefukuzwa, nikakuta siwezi hata hilo kulishika sawasawa. Nilipanda gari natapika kabla hatujatoka mjini, na hapakuwa na bahari yoyote.

Mashine tulimwachia Mama. Ofisini kulikuwa na za kwao, na alisema yetu ataitunza.

Utende nilikaa. Kazi niliiweza. Mwezi ulipokaribia kuisha, ule mwezi alioomba, nikawa sijui kama inafaa kurudi kumtazama au bado. Sikuthubutu kuuliza. Basi dereva wa gari la Kilindoni akaniletea salamu za Mama. Alizitoa kwa shida kidogo, maana alidhani anataniwa.

"Mama anasema kuku wanakuulizia unakuja lini."

Nikacheka peke yangu pale barabarani. Nikamwambia dereva awapelekee salamu, awaambie nakuja Ijumaa, na awaulize wanataka niwaletee nini kutoka huku. Kesho yake akapita tena, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Kuku wamesema lete chochote. Ila uji hawautaki."

Gari likaondoka. Nilibaki nimesimama kwenye vumbi lake, mdomo wazi. Dada aliapa, na ameapa tena mara nyingi tangu wakati huo, kwamba hakumwambia mtu. Mimi sikusema. Ule mstari niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaanza kumkumbuka Mama alivyoweka mkono juu ya soketi asubuhi ile, nisiizime. Nikamkumbuka alivyokaa alasiri nzima anatafuta herufi moja moja huku mimi namenya mihogo hatua chache kutoka pale. Kisha nikamkumbuka yule mgeni wa sanda, anavyotolewa uani kwa kushikwa mkono, na maneno aliyoambiwa kule, na nani aliyeyasema.

Ijumaa nilikwenda. Nilimkuta barazani anakula kiporo cha wali. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea mkeka. Sebuleni mashine ilikuwa imefunikwa kanga mpya, nzuri kuliko ile ya zamani, na juu yake amelala kuku.